Siku Tulipolifungua Jalada la Kambi

Mwalimu yule alifika ofisini kwetu mwanzoni mwa kiangazi, kitambulisho kikiwa tayari mkononi, kama mtu aliyekwisha kuzoea kuulizwa yeye ni nani kabla hajakaribishwa kiti. Nilimwamkia. Akaitikia marahaba, akaketi, akaeleza shida yake bila kuzunguka.

"Mwanangu, natafuta kaburi la mama yangu. Nimeambiwa ninyi ndio mnaotunza karatasi za zamani za serikali."

Ni kweli, ndiyo kazi yangu. Ofisi za serikali za huku kwetu Mwanza zikimaliza kutumia majalada yao, huyaleta kwetu. Tunayapangusa, tunayapanga kwenye maboksi, na mwananchi akija na haja tunamtafutia. Wengi wakisikia hivyo hunionea huruma, wakidhani nashinda na vumbi tu. Vumbi lipo, silikatai. Lakini pale mezani kwangu wamepita watu wanaotafuta mpaka wa shamba la babu, watu wanaotafuta haki ya utumishi ya marehemu baba, wanafunzi wa chuo wanaotafuta chochote cha kuandikia. Aliyekuja kutafuta kaburi, huyo alikuwa wa kwanza.

Alizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Sengerema, kwenye kijiji cha ufukweni. Alipokuwa msichana mdogo wa shule ya msingi, kipindupindu kiliingia vijiji vile. Serikali ikapiga kambi ya mahema mbali na makazi, na gari likawa linapita kuchukua wagonjwa. Lilimchukua mama yake, na yeye akapanda naye kwa sababu hakukuwa na wa kubaki naye nyumbani. Mama alikata roho amemshika mkono. Mtoto akatolewa nje, akanyunyiziwa dawa, akawekwa peke yake mpaka shangazi alipokuja kumchukua. Wakaambiwa marehemu amekwisha kuzikwa. Wapi? Hawakujibiwa. Baadaye kambi ikavunjwa, majani yakaota, na wenyeji wakahamia juu karibu na barabara.

"Nimefundisha Magu, nimefundisha Geita," aliniambia, "na kila likizo nilikuwa napita ofisi moja. Zahanati walinituma wilayani. Wilayani wakanituma mkoani. Mkoani wakaniambia karatasi za wakati ule zililiwa na mchwa. Sasa nimestaafu, nimerudi kwetu. Nina muda wote wa kuwasumbua."

Alisema hivyo kwa upole, lakini nilielewa kwamba ni ahadi.

Karatasi hazikuwa zimeliwa na mchwa. Nilizikuta katika boksi lililotoka kwenye idara ya zamani ya afya, chini ya taarifa za vyoo na visima. Jalada lilikuwa jembamba, na juu yake umepigwa muhuri mwekundu wa kukingama: SIRI. Sisi watunzaji tunaruhusiwa kufungua ili kujua kilichomo, basi nikafungua. Ndani mlikuwa na taarifa ya kambi, orodha ya waliofariki, na ramani iliyochorwa kwa mkono vizuri mno. Jabali, njia ya miguu, maji ya ziwa, na makaburi katika mistari yake, kila moja na namba yake. Nilifunga jalada, nikabaki nimesimama kati ya rafu. Jibu alilolitafuta maisha yake yote lilikuwa mikononi mwangu, na kwa muhuri ule sikuwa na ruhusa ya kumpa.

Alipokuja tena aliniuliza, "Lipo?"

"Lipo, mwalimu."

"Na kaburi limo?"

"Sijaruhusiwa kusema kilichomo."

Akatabasamu kama mtu aliyemnasa mwanafunzi. "Basi hujasema halimo."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Sheria ya kumbukumbu inasema jalada la serikali likishapita miaka thelathini, mwananchi anaweza kuruhusiwa kulisoma, isipokuwa kuna sababu ya kulizuia. Hili lilikuwa limepita arobaini na zaidi. Nilidhani ni jambo la kumwandikia mkuu wetu dokezo fupi, asaini, tumalize. Mkuu wetu si mtu mbaya. Ni mwangalifu, na ana desturi ya kusoma kila kitu akiwa ameshika kalamu bila kuandika. Alilisoma dokezo langu, akaniita.

"Mama, thelathini imepita, nakubali. Lakini muhuri wa siri huondolewa na aliyeugonga au ofisi yake. Mimi nikiufuta kesho, keshokutwa mtu akaniuliza kwa mamlaka gani, nitamjibu nini?"

"Ofisi yake haipo tena, mkuu."

"Basi iliyorithi."

Niliiandikia iliyorithi. Ikajibu kwamba masuala ya magonjwa ya mlipuko wa enzi zile yalikuwa chini ya wilaya. Wilaya ikajibu kwamba wilaya yenyewe ilishagawanywa. Nikaandika Dodoma, makao makuu. Kutoka Dodoma wakajibu kwa heshima kubwa kwamba suala hili lishughulikiwe na ofisi iliyo na jalada, yaani sisi. Niliicheka barua ile peke yangu mpaka mwenzangu wa chumba cha pili akaja kuuliza kama kuna habari njema.

Mkuu alikuwa na swali jingine pia, na hilo halikuwa la kuchekesha. Siku moja alinifuata mpaka mezani kwangu, akaketi kwenye kiti cha wageni.

"Humu mna majina ya watu na ugonjwa wao," alisema. "Wengine wana watoto na wajukuu mjini hapa. Wewe ungependa ugonjwa uliomuua mama yako usomwe na kila mpita njia?"

Nilirudi nalo swali lile nyumbani, nikalala nalo, nikaamka nalo. Watu hupenda kusema kwamba serikali huficha kwa sababu ya ubaya. Mara nyingine huficha kwa sababu ya woga, mara nyingine kwa sababu kweli kuna mtu wa kulindwa, na mara nyingi zaidi kwa sababu hakuna anayekumbuka kwa nini kilifichwa, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kukifichua. Jalada langu lilikuwa na yote matatu.

Mwalimu alikuwa anakuja kila alipovuka kuja Mwanza. Hakugomba hata siku moja. Alikuwa analeta michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye mfuko wa karatasi, anaketi, anauliza tumefika wapi, namweleza, anashukuru, anaondoka. Upole ule ulinichapa kuliko ambavyo kelele zingenichapa.

Njia ilipatikana pale nilipoacha kutafuta ofisi nikaanza kutafuta mtu. Chini ya muhuri palikuwa na saini na cheo: bwana afya wa kambi. Nilianza kuuliza wastaafu. Kanisani kwetu kuna wazee wengi waliotoka Kagera kuja kufanya kazi serikalini wakabaki hapa, na mmoja alipoona saini ile niliyoinakili kwenye karatasi alisema, "Huyu? Si yuko hapa Buswelu, nje kidogo ya mji, analima migomba."

Nilikwenda Jumamosi. Nilimkuta mzee mrefu, amevaa buti za mpira, anapunguza machipukizi kwenye migomba yake iliyositawi utadhani iko Muleba kule Kagera. Nilimwamkia kwa Kihaya, lugha ya kwao, akafurahi, akanikaribisha barazani. Nilipotaja kambi aliweka panga chini.

"Umelitoa wapi jambo hilo?"

Nikamweleza. Nikamuuliza kwa nini aligonga muhuri ule.

"Kwa sababu watu walikuwa wanakuja usiku kufukua," alisema. "Usiwalaumu. Nani anataka ndugu yake alale porini bila kuoshwa, bila kuliliwa? Walikuwa wanachukua maiti kwa mitumbwi, wanakwenda kuosha na kuzika nyumbani, na baada ya siku chache kijiji kile nacho kinaanza kuhara. Nikasema, mahali pa makaburi pasijulikane mpaka ugonjwa uishe. Nikachora ramani, nikaandika kila jina na kaburi lake, ili siku ikifika kila mtu aonyeshwe wa kwake. Siri ile ilikuwa ya miezi, mwanangu. Kisha nikahamishiwa Songea."

Akapangusa udongo kwenye buti zake. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka tu kuthibitishiwa, "Walionyeshwa lini?"

"Hawajaonyeshwa, mzee."

Hakunielewa mara ya kwanza. Ilinibidi nirudie. Nilimwona uso wake ukibadilika polepole, akasimama, akatembea mpaka mwisho wa baraza na kurudi.

"Mimi nilidhani waliambiwa," alisema. "Miaka yote hii nilidhani waliambiwa." Halafu akaita ndani kwa mkewe atafutiwe suti yake. Ilikuwa Jumamosi jioni, ofisi zimefungwa, na bado alitaka suti.

Kikao kilifanyika baada ya wiki chache. Tulikuwa mkuu, mwanasheria wa serikali, mganga mmoja kutoka idara ya afya, mimi, bwana afya mstaafu ndani ya suti yake ya kijivu, na mwalimu. Hao wawili hawakuwa wamewahi kuonana, au kama walionana, mmoja alikuwa mtoto anayelia na mwingine kijana aliyefunga kitambaa puani. Mwalimu alimwamkia shikamoo. Mzee akaitikia, na mkono wake hakuuachia upesi.

Mzee alisimama akaeleza yote kama alivyonieleza. Akamaliza hivi: "Mimi ndiye niliyegonga muhuri ule. Sikuugonga uwe wa milele. Naomba uondolewe."

Nilidhani tumeshinda. Mwanasheria akakohoa kidogo. "Mzee, tunakushukuru. Ila mtu akistaafu, mamlaka yake hustaafu pamoja naye. Ombi lako ni ushahidi mzuri, lakini haliwezi kuondoa muhuri."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo kwa wiki nyingi, tangu lile swali la mkuu. Nikasimama.

"Basi tusiombe kitu kimoja, tuombe viwili," nilisema. "Sababu ya kuficha mahali pa makaburi ilikuwa watu wasifukue. Ugonjwa ule umeisha zamani, sababu imekufa. Kwa hiyo ramani na taarifa ya kambi, ambazo hazina jina la mgonjwa hata mmoja, zifunguliwe kwa kila mtu, kama sheria inavyoruhusu. Orodha ya majina ibaki imefungwa kwa wapita njia, lakini ndugu wa marehemu akija na uthibitisho wa mtendaji wa kijiji chake, asome la ndugu yake. Akitaka kulitangaza ni juu yake. Jina ni la familia kabla halijawa la serikali."

Mganga alikuwa wa kwanza kutikisa kichwa kukubali. Mwanasheria aliandika kitu, akakifuta, akaandika tena. "Hilo linasimama," alisema hatimaye. "Anayeweza kusaini ni mkuu wa ofisi iliyo na jalada. Na Dodoma wameshasema ni ninyi."

Barua niliyoicheka ndiyo iliyompa mkuu mamlaka aliyoitaka. Macho yote yakamgeukia. Alikuwa ameshika kalamu, kama kawaida yake. Akamgeukia mwalimu.

"Mwalimu, niwie radhi. Ukiona mle ndani jina la mama yako na ugonjwa uliomchukua, haitakuwa kukutonesha kidonda?"

"Baba," alijibu mwalimu, "ugonjwa naujua. Nilikuwa nimemshika mkono. Nisichokijua ni mahali."

Mkuu akasaini. Alisaini kwa nguvu mpaka kalamu ikaacha alama kwenye karatasi ya chini. Mzee wa Buswelu alitoa leso akajifuta uso, na mwanasheria, ambaye sikudhani kama ana utani, akasema, "Sasa lipigeni muhuri wa kufungua, twende tukale."

Tukatazamana. Hatukuwa nao. Droo yetu ilikuwa na muhuri wa SIRI, tena mpya, mpini wake haujachubuka. Wa kufungua hakuna aliyewahi kuutengenezesha, maana hakuna aliyewahi kufungua kitu kilichofichwa. Mkuu mwenyewe alianza kucheka, kisha sote tukacheka, mpaka mwalimu akajishika mbavu. Kesho yake nilikwenda mjini kwa fundi mihuri na barua ya ofisi. Aliisoma mara mbili. "Wateja wangu wote wa serikali wanataka IMEPOKELEWA," alisema. "Wewe wa kwanza kutaka IMEFUNGULIWA KWA UMMA." Niliomba wino wa kijani.

Mwalimu alisoma jalada lile kwenye meza iliyo dirishani. Mimi nilikaa upande wa pili kwa sababu ndiyo kanuni, ingawa ningekaa hata kanuni isingekuwapo. Wino ulikuwa umefifia na baadhi ya mistari ilibidi tuinamishe karatasi kwenye mwanga. Nilipomfunulia mstari wa mama yake, mingine nimeifunika kwa karatasi, hakulia. Aliweka kidole juu yake akakiacha hapo. Kisha akasoma namba ya kaburi, akahamisha kidole kwenye ramani, akakisogeza taratibu kufuata ile njia ya miguu, mpaka kikafika.

"Ni karibu na maji," alisema. "Alikuwa anapenda kukaa karibu na maji."

Habari zilivuka ziwa kabla yetu. Mtendaji wa kijiji alianza kupigiwa simu, naye akanipigia mimi, na watu wakaanza kuja na barua zao kutoka Sengerema, wengine kutoka visiwa vya ziwani, wakiuliza kwa sauti ya chini kama na wao ndugu yao anaweza kuwamo. Wengi walimpata. Wakapanga siku ya kwenda pamoja.

Tulipanda kivuko cha Kamanga asubuhi, mimi, mkuu wangu aliyeomba ruhusa kwa mkubwa wake ili aje, mzee wa Buswelu, na nakala ya ramani ndani ya nailoni. Upande wa pili walikuwa wanatusubiri mwalimu na umati ambao sikuutegemea: wazee na mikongojo, akina mama na watoto mgongoni, katekista, mchungaji. Tulishuka kuelekea ufukweni kwa miguu. Ramani ilisema jabali lenye ufa katikati, na jabali lilikuwapo, limeanikiwa dagaa. Wenye dagaa walipoambiwa kilichotuleta walianza kuzikusanya haraka, wakachukua mafyekeo wakaungana nasi.

Chini ya majani kulikuwa na mawe madogo, yamepangwa mistari iliyonyooka kabisa. Sauti ilipita katika umati, kitu kati ya kuguna na kushukuru. Mzee alisimama kichwani mwa mstari wa kwanza, akainua mkono kama kijana wa miaka ile. "Wanawake ni huku, upande wa maji," alisema. "Wanaume nyuma yao. Watoto nimewalaza pembeni mwa mama zao pale ilipowezekana."

Mwalimu alifuata mstari mpaka kaburi la mama yake. Akavua viatu. Akapiga magoti juu ya majani yaliyofyekwa, akaweka viganja vyote viwili chini.

"Shikamoo, mama," alisema.

Nyuma yangu mwanamke mmoja akapiga kigelegele, mkali, mrefu, na wengine wakakipokea mpaka ndege wakaruka kutoka kwenye jabali. Niliwahi kudhani siku ile itakuwa ya kilio. Vilio vilikuwapo, lakini juu yake kulikuwa na furaha ya watu waliorudishiwa chao. Familia zilikwenda moja moja, mzee akionyesha, mkuu wangu akisoma namba kwenye ramani, suruali yake imejaa mbigiri. Familia zote ziliafiki majina yao yasomwe kwa sauti. Katekista na mchungaji wakapokezana kuyasoma, na kila jina likiitwa, ndugu zake walijibu, "Tupo." Kulikuwa na makaburi ambayo hakuna aliyekuja kwa ajili yake, hayo yakaitwa kwa namba tu. Mara ya kwanza ilipotokea palikuwa na kimya. Kisha mwalimu akajibu, "Tupo," na kuanzia hapo tukajibu sote.

Baadaye tulikula ugali wa muhogo na sato, tumekaa chini. Bibi mmoja alimpelekea mzee wa Buswelu kipande cha kichwa cha samaki kwa mikono miwili, akamshukuru kwa Kisukuma, "Wabeja sana, bwana afya. Ulituandikia watu wetu." Mzee akapokea, akala.

Jumatatu iliyofuata nilifika kazini nikakuta watu mlangoni. Mmoja anataka ramani za visima vya Buswelu kwa sababu mtaa wao mpya hauna maji. Wawili wanauliza kuhusu mpaka wa mnada wa zamani wa ng'ombe. Mama mmoja alikuwa hajui anatafuta nini hasa, amesikia tu kwamba pale siku hizi wanafungua. Viti vya wageni havikutosha. Nikasikia kitu kinaburuzwa koridoni, nikachungulia: mkuu wetu, koti ameliweka begani, alikuwa analeta benchi kutoka ukumbi wa mikutano.

"Nishikie upande huo, mama," alisema. "Na lete ule muhuri."